Mwanya wa vali

Mwanya wa vali ni nafasi ndogo inayoachwa makusudi kati ya ncha ya shina la vali na kifaa kinachoisukuma, wakati vali imefungwa na injini ni baridi. Katika pikipiki ndogo nafasi hiyo huwa sehemu chache za mia za milimita. Katika gereji za Afrika Mashariki huitwa tapeti, na kazi ya kuipima na kuirekebisha huitwa kuseti tapeti. Wengine husema kukaza tapeti, jina ambalo linapotosha, kwa kuwa mara nyingi kinachohitajika ni kulegeza.

Kazi hii inaweza kufanyika nyumbani kwa vifaa vichache. Isipofanyika, au ikifanyika kwa kusikiliza mlio tu bila kupima, vali ya kutolea moshi inaweza kuungua. Kwa dereva wa bodaboda hilo ni jambo zito: kuseti tapeti ni kazi ya saa moja, lakini vali iliyoungua inadai kufungua silinda hedi, kununua vipuri na kupoteza siku za kazi.

Sababu ya kuwepo kwa mwanya

Injini ya mipigo minne huwa na angalau vali mbili kwa kila silinda: moja ya kuingizia mchanganyiko wa hewa na petroli, nyingine ya kutolea moshi. Kamshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 3,000, yaani mara 50 kwa sekunde. Nundu ya kamshafti husukuma mkono mfupi uitwao roka, nao roka hubonyeza shina la vali. Springi hurudisha vali mahali pake.

Mwanafunzi wa fizikia wa sekondari anajua kwamba metali hutanuka inapopata joto. Chuma chenye urefu wa milimita 100 kikiongezewa joto la nyuzi 100 za Selsiasi hurefuka kwa takriban milimita 0.12; aluminiamu ya urefu huohuo hurefuka kwa takriban 0.23. Ndani ya injini kuna vali za chuma, silinda hedi ya aluminiamu na sehemu nyingine, kila moja ikiwa na joto lake na kutanuka kwa kiasi chake. Mtengenezaji hupima jumla ya mabadiliko hayo, kisha hutaja mwanya ambao injini ikiwa baridi utahakikisha kwamba hata ikipata moto vali bado inafunga kabisa.

Kufunga kabisa kuna faida mbili. Ya kwanza inajulikana na wengi: bila kufunga hakuna kompresheni, na bila kompresheni injini haina nguvu. Ya pili husahaulika. Uso wa vali ya kutolea moshi hupitiwa na gesi zenye joto la mamia ya nyuzi, na njia yake kubwa ya kupoa ni kugusa kiti chake kilichomo katika silinda hedi. Kila inapofunga, joto lake huhamia kwenye kiti na kutoka hapo kwenye mapezi ya kupozea. Mwanya ukiisha, roka huishikilia vali ikiwa wazi kidogo sana. Haigusi kiti vizuri, haipoi, na gesi ya moto hupenya ukingoni kama moto wa mchomeleaji hadi ukingo unalika.

Kupungua na kuongezeka kwa mwanya

Mwanya hubadilika kwa pande mbili. Ncha za roka, nundu za kamshafti na skrubu za kurekebishia zikilika, mwanya huongezeka na mlio wa tik-tik husikika. Kwa upande mwingine, uso wa vali na kiti chake vikilika kwa kugongana, vali huzama kidogokidogo ndani ya silinda hedi, shina lake huinuka kuelekea kwenye roka, na mwanya hupungua. Mabadiliko haya ya pili hayana mlio. Kinyume chake, injini huwa kimya kuliko mwanzo.

Hapo ndipo wenye pikipiki wengi hudanganyika. Injini iliyokuwa ikilia kidogo ikinyamaza, mwenyewe hufurahi. Injini ikilia, fundi huombwa abane skrubu mpaka kelele iishe. Mwanya uliozidi kidogo hupunguza nguvu, kwa sababu vali huchelewa kufunguka, huwahi kufunga na hainuki kwa kimo chake chote. Pia vyuma hugongana zaidi. Ni hasara, lakini ni hasara ya polepole inayojitangaza yenyewe. Mwanya uliokwisha huharibu vali bila kutoa taarifa. Mlio mdogo na wa mfululizo kutoka juu ya injini iliyopozwa kwa hewa ni jambo la kawaida, na mtu akilazimika kuchagua, heri tapeti inayolia kidogo kuliko iliyonyamazishwa.

Dalili za mwanya uliokwisha huonekana zaidi injini ikiwa na moto: pikipiki huwaka vizuri asubuhi lakini hukataa baada ya safari, huzimika yenyewe ikinguruma bila kuongezwa mafuta, hukosa nguvu mlimani, na kiki huwa nyepesi kwa sababu kompresheni inavuja.

Mfano wa Honda CG125

Honda CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976. Ina silinda moja yenye kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, jumla sentimita za ujazo 124, na hupozwa kwa hewa. Wahandisi wake waliitaka ivumilie matunzo hafifu. Kamshafti yake iko chini karibu na krenki, inazungushwa kwa gia badala ya cheni, na nundu yake moja tu huendesha vali zote mbili kupitia vijiti viwili vya kusukumia. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria na mizigo Afrika Mashariki zina injini zilizofuata muundo huu, ndiyo maana ni mfano mzuri wa kujifunzia.

Mwanya uliotajwa kwa CG125 ni milimita 0.08 kwa vali zote mbili, injini ikiwa baridi. Injini nyingine zina vipimo vyao, na nyingi hutaka mwanya mkubwa zaidi upande wa moshi. Kipimo hutafutwa katika kitabu cha pikipiki yenyewe au katika kibandiko, kama kipo, wala hakiazimwi kutoka pikipiki ya jirani hata kama zinafanana rangi na umbo.

Vifaa

Kifaa kisichoweza kukosekana ni fila geji, yaani seti ya vibamba vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Seti isiyo na kibamba cha 0.08 bado inafaa ikiwa ina cha 0.05 na cha 0.03, kwa kuviweka pamoja baada ya kuvifuta. Karatasi haifai: karatasi ya kawaida ya kutolea nakala ina unene wa karibu milimita 0.1, ambao tayari umezidi kipimo cha CG125, tena hubonyea. Wembe pia hutumiwa na baadhi ya mafundi, lakini unene wa wembe hutegemea aina yake, na anayeutumia bila kuupima kwa mikromita anakisia tu.

Vingine ni spana za kufungulia kava, spana ndogo ya nati ya kufungia, kifaa cha kugeuzia skrubu (nyingine zina kichwa cha mraba, nyingine mfereji wa bisibisi), spana ya plagi, boksi spana ya nati ya magneti na kitambaa safi.

Kutafuta mahali pa kupimia

Injini iwe baridi kabisa. Miongozo ya Honda hutaka isizidi nyuzi 35. Wakati unaofaa ni asubuhi kabla ya kuwashwa. Pikipiki husimamishwa kwa stendi kubwa na gia huwekwa huru. Kabla ya kufungua chochote, vumbi na matope hufutwa kuzunguka plagi na kava ya juu, kwani mchanga ukiingia hapo utakwenda na oili hadi kwenye mitambo yote. Plagi hutolewa ili injini izunguke kwa wepesi, kisha kava ya juu hufunguliwa polepole ili gasketi isichanike.

Vali hupimwa pistoni ikiwa juu kabisa mwishoni mwa mpigo wa kugandamiza, kwa sababu hapo vali zote mbili zimefungwa. Upande wa kushoto wa injini kuna magneti yenye alama. Baadhi ya pikipiki zina vifuniko viwili vidogo vya kuifikia. Nyingine hulazimu kutoa kava nzima, na ni vizuri chombo kiwekwe chini maana oili inaweza kumwagika. Nati ya katikati huzungushwa kinyume cha mwelekeo wa saa hadi alama ya T ilingane na alama iliyo kwenye bodi ya injini. Alama ya F iliyo karibu nayo ni ya kuwashia cheche, na isichanganywe na T.

Pistoni hufika juu mara mbili katika mzunguko mzima wa kazi, hivyo T peke yake haitoshi. Roka hushikwa kwa vidole na kutikiswa. Zote mbili zikicheza kidogo, mahali ni penyewe. Moja ikiwa imebana na inaonekana kuibonyeza springi yake, krenki izungushwe mzunguko mmoja kamili hadi T irudi. Kwa injini ambayo huenda haina mwanya kabisa jaribio hilo linaweza kudanganya, kwa hiyo njia ya uhakika ni kutazama vali ya kuingizia, iliyo upande wa kabureta: ikishabonyezwa na kuinuka tena, T itakayofuata ndiyo inayotafutwa.

Asiyetaka kufungua upande wa magneti anaweza kuweka gia ya juu kabisa na kuzungusha gurudumu la nyuma kwenda mbele, huku mrija wa plastiki wa kunywea soda ukiwa umeingizwa kwenye tundu la plagi. Mrija ukipanda hadi mwisho, baada ya vali ya kuingizia kufunga, pistoni iko juu. Kupishana kwa nyuzi chache za duara hakuharibu kipimo, kwa kuwa kwa wakati huo roka zote mbili ziko mbali na nundu. Kijiti cha mbao hakifai, kinaweza kuvunjika humo ndani.

Kupima na kurekebisha

Kibamba cha 0.08 hupitishwa kati ya roka na ncha ya shina la vali. Kinatakiwa kupita kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi inayovutwa kutoka chini ya kitabu chepesi. Kisha hujaribiwa cha 0.10: kikipita bila shida, mwanya umezidi. Vipimo hivyo viandikwe kabla ya kugusa skrubu. Vali ya moshi ambayo kila safari inakutwa mwanya wake umepungua inatoa habari kwamba kiti chake kinalika, na habari hiyo hupotea kama fundi anarekebisha tu na kufunga.

Ikiwa kipimo hakiko sawa, nati ya kufungia hulegezwa huku skrubu ikishikwa. Kwenye CG125 matundu ya vijiti vya kusukumia hushuka hadi ndani ya injini, kwa hiyo yazibwe kwa kitambaa kabla ya kulegeza nati. Kibamba kikiwa mahali pake, skrubu hugeuzwa mpaka mkwaruzo mwepesi usikike mkononi. Kisha nati hukazwa, skrubu ikiwa bado imeshikwa isizunguke. Nati inapokazwa huivuta skrubu, na mwanya uliokuwa sawa hubadilika. Ndiyo sababu kupima tena baada ya kukaza ni sehemu ya kazi yenyewe. Ikibidi irudiwe mara tatu, irudiwe. Nati hii ni ndogo na haihitaji nguvu nyingi.

Roka ya zamani inaweza kuwa na kishimo mahali inapogusa vali. Kibamba cha fila geji hupita juu ya kishimo kama daraja, na kipimo kinaonekana sawa wakati mwanya halisi ni mkubwa. Injini inayoendelea kulia baada ya kupimwa vizuri ichunguzwe hapo kwanza.

Mwisho krenki huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili na vipimo kurudiwa, kitambaa hutolewa, kava na plagi hurudishwa. Kama mwanya ulikuwa umekwisha na baada ya kurekebishwa kompresheni bado ni hafifu, kuna uwezekano kwamba vali imeshaungua. Hapo skrubu haina msaada tena. Silinda hedi ifunguliwe, vali isagwe au ibadilishwe.

Muda wa kukagua

Miongozo mingi ya pikipiki ndogo hutaka ukaguzi kila baada ya kilomita elfu chache, na mapema zaidi kwa injini mpya au iliyotoka kufanyiwa ovahoo. Pikipiki ya bodaboda inayokwenda kilomita 100 kwa siku hufikisha kilomita 4,000 kwa siku 40. Kwa kuwa kebo za spidomita hukatika na kuachwa hivyo, njia nyepesi ni kuhesabu kwa kubadilisha oili: kwa mfano, anayebadilisha kila kilomita 2,000 akague tapeti kila mara ya pili.

Injini za aina nyingine

Katika injini zenye kamshafti juu, kama zile za Honda C90, hakuna vijiti vya kusukumia, lakini roka na skrubu zipo na kazi ni ileile. Kwa C90 mwanya ni milimita 0.05. Pikipiki nyingi kubwa hazina skrubu. Unene wa kijisahani kigumu kilicho juu ya vali ndio unaoamua mwanya. Kijisahani kipya hupatikana kwa kuchukua unene wa zamani, kujumlisha mwanya uliopimwa na kutoa mwanya unaotakiwa: cha 1.80 chenye mwanya wa 0.12 palipotakiwa 0.20 hubadilishwa na cha 1.72 au kilicho karibu nacho. Kazi hiyo kwa kawaida hudai kutoa kamshafti, na si ya kujifunzia nyumbani. Injini nyingi za Harley-Davidson zina vifaa vinavyotumia shinikizo la oili kujirekebisha zenyewe. Injini za kawaida za mipigo miwili hazina vali za namna hii. Gesi hupita kwenye matundu yaliyo ubavuni mwa silinda.