Mbuni wa Lyamungo katika Bonde la Boquete

Katika nchi ya Panama, upande wa magharibi inakopakana na Kostarika, umo mkoa uitwao Chiriquí, na ndani ya mkoa huo, kando ya mto Caldera, chini ya mlima wa volkano uitwao Barú, ambao urefu wake unakaribia mita 3,500 na ambao aliye kileleni asubuhi isiyo na mawingu huweza kuziona bahari mbili kwa pamoja, upo mji mdogo wa Boquete. Msafiri hupanda kutoka David, makao makuu ya mkoa, penye joto na vumbi la nchi tambarare, na safari isiyotimia saa moja humfikisha mahali penye baridi ya milimani, ambapo wakati wa kiangazi hushuka manyunyu membamba ambayo wenyeji huyaita bajareque, yaletwayo na pepo za bahari ya Karibi zipitazo juu ya milima. Na kwa kuwa manyunyu hayo hushuka huku jua likiwaka, upinde wa mvua huonekana bondeni mara nyingi hata wenyeji hawashughuliki kuutazama. Udongo wa majivu ya volkano, umande huo, na baridi ya usiku inayochelewesha buni kuiva, hivyo vitatu ndivyo vilivyoufanya mji huu ujulikane duniani kupita kimo chake.

Mji wenyewe si wa kale. Familia za kwanza za wakulima zilipanda bondeni katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, zikifuata ardhi isiyolimwa. Panama ikajitenga na Kolombia mwaka 1903, na wilaya ya Boquete ikaanzishwa tarehe 11 Aprili 1911, wakati maelfu ya watu walikuwa wakichimba mfereji wa kuunganisha bahari mbili. Miongoni mwa wageni walioletwa na kazi ile walikuwamo Wazungu na Wamarekani waliochoshwa na joto na homa za nchi ya chini, wakapanda huku milimani, wakanunua mashamba na kuoa. Mwaka 1916 reli ya Chiriquí, iliyojengwa katika zama za Rais Belisario Porras, ikafika mjini, na kahawa, mboga na machungwa vikaanza kuteremka hadi David kwa garimoshi badala ya migongo ya wanyama. Tangu hapo, kwa muda wa miaka hamsini na zaidi, Boquete ukawa mji wa kahawa kama ilivyo miji mingi ya Amerika ya Kati, ukiuza buni njema isiyokuwa na jina, iliyochanganywa na ya wengine katika shehena.

Leo mgeni afikapo huulizwa kwanza kama amekwisha kuionja Geisha, yaani kahawa ya aina hiyo, na akiuliza habari zake husimuliwa kisa kinachoanzia mwaka 2004, siku ya mashindano na mnada. Kisa hicho ni cha kweli, lakini kimeanzia katikati. Mwenye kutaka kuijua historia ya mji huu kwa haki yake hana budi kurudi nyuma miaka sabini na zaidi, na kuvuka bahari hadi Afrika ya Mashariki, kwa sababu mti ulioutajirisha Boquete ulilelewa kwanza chini ya Kilimanjaro, na mikono iliyoulea huko haitajwi popote.

Asili ya jambo hili ni umaskini wa nasaba ya mibuni ya Amerika. Kahawa ilitoka katika misitu ya Uhabeshi ikaenda Yemen, na kutoka Yemen, kwa tijara ya bandari ya Mokha, ikaenea ulimwenguni; lakini mibuni iliyovuka kwenda Amerika ilikuwa michache mno. Waholanzi walikuwa na mti mmoja katika bustani yao ya Amsterdam, mwaka 1714 mfalme wa Ufaransa akatunukiwa mche wa uzao wake, na karibu na mwaka 1723 afisa mmoja wa Kifaransa akavusha mche wa kizazi hicho hadi kisiwa cha Martinique. Kutokana na mbegu chache za namna hii yalipandwa mashamba ya nchi nyingi, na ndugu wa damu moja hushikwa na maradhi yale yale. Wataalamu waliojua jinsi kutu ya majani, ugonjwa ulioonekana Ceylon mwaka 1869, ilivyoyaangamiza mashamba ya kisiwa kile hata watu wakahamia kilimo cha chai, hawakulala usingizi wakifikiri siku ambayo maradhi hayo yangevuka Atlantiki. Nayo kweli yalivuka, yakaonekana Brazil mwaka 1970.

Kwa upande wa Afrika, mapema katika miaka ya 1930, serikali ya Kenya ilitamani kupata mibuni ya asili kutoka Uhabeshi, na balozi mdogo wa Kiingereza aliyekaa Maji, kusini-magharibi ya nchi ile, akakusanya mbegu kutoka misitu ya Gesha, lilikotoka jina la Geisha, na kuzipeleka. Mbegu hizo zikaoteshwa Kitale, na mwaka 1936 baadhi ya uzao wake ukafikishwa Lyamungo, magharibi ya mji wa Moshi, katika kituo cha utafiti wa kahawa kilichofunguliwa miaka miwili kabla yake.

Ilikuwa zama za ari kubwa mlimani. Wachaga, ambao walijifunza kilimo cha mbuni kutokana na misheni kama ile ya Kilema, walikuwa wamekwisha kuunda chama chao cha wapandaji mwaka 1925, kikafuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, na kila nyumba yenye kihamba ilikuwa na mibuni yake chini ya kivuli cha migomba. Kwa hiyo vijana walioajiriwa Lyamungo hawakuwa vibarua wasiojua washikacho. Walikuwa watoto wa wakulima, waliozoea kuutambua mbuni wenye afya kwa kuangalia jani. Kazi ya kitalu ni ya subira: mbegu hupandwa mojamoja katika udongo uliochekechwa, hufunikwa majani makavu, humwagiliwa asubuhi na jioni, na inapochipua hujengewa kichanja cha kuikinga jua, ambacho huondolewa kidogo kidogo mpaka mche uzoee mwanga, kisha kila mstari hutiwa kibao chenye nambari, na nambari hiyo huandikwa daftarini pamoja na mazao ya kila mwaka na maradhi yaliyoushika mti. Katika daftari hizo mmoja wa mibuni ya Gesha uliandikwa VC 496. Sifa yake ilikuwa kustahimili kutu. Mazao yake yalikuwa haba, na hapakuwa na sababu ya kuwagawia wakulima wa Kilimanjaro mti usiozaa. Ukaachwa katika mstari wake, ukapaliliwa na kupogolewa mwaka baada ya mwaka. Lau wale watunza kitalu wangalilegeza mikono hata msimu mmoja wa ukame, kisa chote cha Boquete kisingalikuwapo.

Mwaka 1953 mbegu za mti huo zikapelekwa Turrialba, katika Kostarika, penye taasisi ya kilimo ya nchi za Amerika iliyoanzishwa mwaka 1942, ambako zilikuwa zikikusanywa mbegu kutoka pande zote kwa kuihofia kutu, na huko zikapewa nambari mpya, T.2722. Katika miaka ya 1960 miche yake ikaingia Panama. Mkulima Francisco Serracín, ambaye watu wa Boquete walimwita Don Pachi, ndiye anayetajwa kuwa aliileta bondeni mwaka 1963. Wakulima hawakuipenda. Mti ulirefuka kupita kiasi, matawi yake ni membamba na huvunjika upesi, na vifundo vyake vimeachana mno, hata mchumaji hupata buni chache kwa kazi nyingi. Wengi waliing'oa, wengine wakaiacha mipakani mwa mashamba.

Hacienda La Esmeralda, mojawapo ya mashamba ya Boquete, ilinunuliwa mwaka 1967 na Rudolph Peterson, mzaliwa wa Uswidi aliyekuwa mkuu wa Bank of America, na baadaye ikaendeshwa na mwanawe na wajukuu. Katika miaka ya 1990 waliongeza shamba la Jaramillo, lililoko juu zaidi, na maradhi ya majani yalipolishambulia wakaona kwamba baadhi ya mibuni mirefu haidhuriki. Wakaipanda zaidi, na juu zaidi, bila kukusudia ladha. Ni pale walipoamua kuionja buni ya kila kipande cha shamba peke yake, badala ya kuichanganya yote, ndipo walipogundua walichokuwa nacho: kikombe chepesi kinachonukia asumini, chenye utamu mkali kidogo wa balungi, kisichofanana na kahawa yoyote waliyoijua. Katika mashindano ya mwaka 2004 waonjaji waliipa daraja ya kwanza, na mnadani ikauzwa zaidi ya dola 20 kwa ratili, bei isiyopata kusikiwa. Mwaka 2019 Geisha ya shamba jingine la Boquete ikapita dola 1,000 kwa ratili, na mwaka 2025 fungu la kilo 20 kutoka La Esmeralda likanunuliwa na wafanyabiashara wa Dubai kwa dola zaidi ya 30,000 kila kilo.

Wachumaji wa buni hiyo aghalabu ni Wangäbe, watu wa asili wa milima ya magharibi ya Panama, ambao ushindi wa Wahispania uliwasukuma juu katika ardhi yenye mawe na ambao jimbo lao la kujitawala lilikubaliwa kisheria mwaka 1997 baada ya madai ya miaka mingi. Msimu uanzapo, karibu na mwisho wa mwaka, huteremka kwa familia, wanawake wakiwa wamevaa kanzu zao pana za rangi kali zilizotiwa nakshi ya pembetatu pindoni, nao huingia mashambani na vikapu vilivyofungwa kiunoni. Geisha huchumwa buni mojamoja, iliyoiva tu, huku tawi likishikwa kwa mkono wa pili lisikatike. Jioni mavuno hupimwa kwa debe, kama yanavyopimwa Kilimanjaro, na mchumaji hulipwa kwa hesabu ya madebe. Kuna wenye mashamba wanaoongeza ujira kwa kazi hii ya uangalifu, na wastahili kusifiwa. Lakini umbali ulioje baina ya malipo ya debe moja na bei ya mnadani! Katika orodha ya mnada huandikwa jina la shamba, jina la mwenyewe, kimo cha ardhi na namna buni ilivyokaushwa. Mkono uliochuma hauna mahali pake katika orodha hiyo.

Naamini jambo hili laweza kurekebishwa, na si kwa gharama kubwa. Watu wa Boquete ni wakarimu, huwatembeza wageni mashambani na kuwaeleza habari za mti kwa mapenzi ya kweli, na wengi wao hulitaja jina la Uhabeshi. Waongeze la Lyamungo, na waandike majina ya familia za Kingäbe zinazorudi kwao kila msimu. Nasi huku, kituo kile kingaliko, sasa kikiwa makao ya taasisi ya utafiti wa kahawa ya Tanzania; daftari za vitalu za miaka ya 1930 hadi 1950 zitafutwe zipigwe picha, na wazee wa Machame na Kibosho ambao baba zao walifanya kazi Lyamungo waulizwe majina ya wazazi wao, na mstari wa VC 496 ulikuwa upande gani wa shamba.