Kukatika kwa Pumzi Usingizini: Dalili Zake na Msaada wa Daktari wa Meno

Tumezoea kusema kwamba anayekoroma amelala usingizi wa pono. Tumezoea pia kumwita mvivu yule anayesinzia mchana, awe dereva kijiweni, mwalimu ofisini au muumini katikati ya mahubiri. Mara nyingi watu hao wawili ni mtu mmoja. Hukoroma usiku kwa sababu njia yake ya hewa inaziba, na husinzia mchana kwa sababu usiku hakupumzika. Makala haya yanatoa maelezo mintarafu ugonjwa huo, namna ya kuutambua, na nafasi ya daktari wa meno katika tiba yake.

Ugonjwa huu ni nini?

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma kiasi cha kuibana njia ya hewa. Hewa ikipita kwa shida, husikika mkoromo. Njia ikiziba kabisa, hufuata ukimya. Madaktari huiita hali hii apnia, na huhesabu kila mkatiko wa pumzi unaodumu sekunde 10 au zaidi. Oksijeni katika damu hupungua, ubongo humgutusha mlalaji, naye huvuta pumzi kwa kishindo na kurudi usingizini. Asubuhi hakumbuki lolote.

Ukali wa ugonjwa hupimwa kwa idadi ya mara ambazo pumzi hukatika au hupungua mno katika saa moja ya usingizi. Kwa mtu mzima, mara 5 hadi 14 ni kiwango cha chini, 15 hadi 29 ni cha kati, na 30 au zaidi ni kikali. Hivyo basi, mwenye ugonjwa mkali akilala saa nane, pumzi yake husumbuliwa mara 240 au zaidi. Huyo amekuwa kitandani usiku kucha, lakini hakupumzika.

Dalili zake

Dalili za usiku huonwa na anayelala karibu: mkoromo mkubwa, ukimya wa ghafla, kisha kukabwa na kutweta. Mgonjwa mwenyewe huamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, na asubuhi huwa na kinywa kikavu na maumivu ya kichwa. Mchana husinzia, husahau na hukasirika upesi.

Wapo wanaoshtuka usiku wakihisi kukabwa koo, wakasema ni jinamizi au wamerogwa. Wengine huja parokiani kuomba sala. Sala ni njema, na anayeombewa apelekwe pia hospitali.

Walio katika hatari zaidi ni wenye unene uliokithiri, wenye shingo nene, wenye taya la chini dogo au lililorudi nyuma, wanywaji wa pombe, wavutaji wa sigara, na wanawake waliofikia ukomo wa hedhi. Hata hivyo, mtu mwembamba naye aweza kuugua. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayekojoa kitandani au asiyetulia darasani achunguzwe na daktari wa masikio, pua na koo, kwani mara nyingi chanzo ni tezi za koo zilizovimba.

Kwa nini tusipuuze?

Ugonjwa huu huambatana na shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo, kiharusi na kisukari. Aidha, dereva anayesinzia kwenye usukani huhatarisha maisha yake na ya abiria wake. Hata ndoa huumia: mume na mke hutengana vyumba kwa sababu ya kelele, na anayehama chumba huondoka na ushahidi ambao daktari angeuhitaji.

Daktari wa meno anaingiaje?

Wengi wetu hatujawahi kufungua kinywa mbele ya daktari bingwa wa usingizi, lakini tumekwisha kung’olewa au kuzibwa jino. Akiwa katika kazi hiyo, daktari wa meno huona mengi: meno yaliyolika kwa kusagwa usiku, ulimi mpana wenye alama za meno pembeni, kaakaa jembamba, taya lililorudi nyuma, koo lililosongamana. Dalili hizo hazithibitishi ugonjwa, bali humpa sababu ya kuuliza, “Je, unakoroma?” na kumwelekeza mgonjwa kwa daktari wa tiba. Huyu ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha, kwa kipimo cha usingizi kinachorekodi pumzi, oksijeni na mapigo ya moyo usiku kucha.

Tiba

Kwanza ni mwenendo wa maisha: kupunguza uzito, kuacha pombe hasa jioni, kuacha sigara, kulala ubavu badala ya chali, na kutotumia dawa za usingizi bila ushauri wa daktari.

Pili ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili njia ibaki wazi. Ilibuniwa na Colin Sullivan huko Sydney, Australia, na kutangazwa mwaka 1981. Hadi leo ndiyo tiba ya kwanza, hasa kwa ugonjwa mkali. Lakini huhitaji umeme, na wapo wasioivumilia barakoa.

Tatu ni kifaa cha kinywani kinachotengenezwa na daktari wa meno. Huchukua chapa ya meno ya juu na ya chini, kisha hutengeneza vipande viwili vilivyounganishwa, vinavyolishika taya la chini mbele kidogo wakati wa kulala. Taya likienda mbele, ulimi huenda nalo, na koo hufunguka. Kifaa hurekebishwa kidogo kidogo, milimita kwa milimita. Wazo hili si geni: mwaka 1923, Pierre Robin wa Ufaransa alieleza watoto wachanga wenye taya dogo ambao ulimi huwazibia pumzi, naye alitumia kifaa cha kulisogeza taya mbele.

Mwaka 2015, vyama viwili vya Marekani, kimoja cha madaktari wa usingizi na kingine cha madaktari wa meno wa fani hiyo, vilitoa mwongozo wa pamoja: kifaa hiki kipewe mtu mzima asiyeweza kuvumilia mashine au anayependelea tiba nyingine, kitengenezwe kwa vipimo vya kinywa chake, na kipimo cha usingizi kirudiwe akiwa amekivaa. Kukoma kwa mkoromo pekee si uthibitisho wa kupona.

Kifaa hiki hakimfai kila mtu. Huhitaji meno ya kutosha na fizi zenye afya, wala hakisaidii pale ambapo ubongo wenyewe hautoi amri ya kupumua. Mwanzoni mate huzidi, na meno au viungo vya taya huuma. Baada ya miaka, meno yaweza kuhama kidogo. Kwa hiyo mgonjwa ahudhurie kliniki angalau mara moja kwa mwaka. Vifaa vya bei rahisi vinavyouzwa bila vipimo visinunuliwe.

La kufanya

Muulize anayelala karibu nawe akueleze anachosikia. Mapadre, watawa, wajane na wote wanaolala peke yao hawana shahidi. Simu inayorekodi sauti usiku yaweza kuwa shahidi wao. Pima shinikizo la damu. Mweleze daktari, na umwambie daktari wa meno utakapomwendea. Ukihisi usingizi, usiendeshe chombo cha moto. Ukiwa na ugonjwa huu na unakwenda kufanyiwa upasuaji, mjulishe mapema anayetoa dawa ya usingizi.

Nasi tunaoongoza jumuiya, kabla ya kumkemea anayesinzia mbele yetu, tumwulize kwanza usiku wake ulikuwaje.