Ngoma Hungoja Kihenge Kijae

Buigiri iko kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, wilayani Chamwino, mwendo usiofika saa moja kutoka Jiji la Dodoma. Abiria wa basi huona mibuyu, mizabibu ya Chinangali na vumbi jekundu. Akipita Februari atadhani hii ni nchi isiyojua kucheza. Apite Julai.

Huko Ulaya theluji ikiyeyuka miji huvalia nguo za sikukuu. Machi hadi Mei ndiyo miezi ya maonyesho, muziki wa barabarani na maua. Hapa Ugogo, nchi ya Wagogo, miezi hiyo ni ya kuhesabu debe la mwisho la uwele. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na si kila mwaka inatimiza ahadi. Ikinyesha, kila mwenye mikono yuko shambani. Kuanzia Mei mtama na uwele huvunwa, hukaushwa, hupurwa, na mwezi wa saba ukiingia kihenge kimeshiba, pombe ya ujimbi imeiva, ng'ombe wako kwenye mabua na usiku una baridi inayomtaka mtu asogee karibu na mwenzake. Wapita njia wengi wametawala Ugogo katika miaka 150 iliyopita, na kila mmoja alikuja na kalenda yake ya sherehe. Hakuna aliyefanikiwa kuihamisha ngoma mbali na mavuno.

Kabla ya wapita njia hao, wa kwanza kushika kalenda ya ngoma alikuwa mtemi. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kwa kirefu juu ya utemi huu: kila nchi ndogo na mtemi wake, mwenye mawe ya mvua, asiye na jeshi wala ikulu. Nguvu yake ilikuwa katika mambo ya ibada. Mvua iliombwa kupitia kwake, na jando halikufunguliwa bila ruhusa yake. Jando ndilo lililobeba sehemu kubwa ya sanaa: nyimbo za makumbi, ngoma za usiku, mafumbo ambayo vijana walifundishwa porini. Wasichana nao walikuwa na unyago wao, na huko ndiko ilikolelewa muheme, ngoma ya wanawake wanaobana vigoma vyenye kiuno chembamba katikati ya mapaja na kuvipiga kwa viganja. Yote hayo yalihitaji chakula cha ziada. Mwaka wa njaa haukuwa mwaka wa jando.

Na njaa Ugogo ina majina. Kubwa kuliko zote katika kumbukumbu ni Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo; mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba ya kukimbilia. Makadirio yanataja watu wapatao 30,000 waliokufa.

Mwaka huohuo wa 1917, huko Ihumwa, kwenye barabara hiihii ya Buigiri, alizaliwa Mathias Mnyampala. Huwa namtaja kila mtu anaponiambia Ugogo ni nchi ya zeze tu. Mnyampala aliandika historia, mila na desturi za Wagogo, kitabu kilichotoka mwaka 1954, lakini aliloliachia taifa zima ni ngonjera: ushairi wa majibizano unaosimama jukwaani, mmoja anauliza, mwingine anajibu, mpaka mjinga akubali ameelewa. Vitabu viwili vya Ngonjera za Ukuta vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa amekwishafariki mwaka 1969. Baada ya Azimio la Arusha haikuwezekana mgeni rasmi afike shuleni Tanzania bila kusomewa ngonjera. Watoto wa Mtwara na wa Bukoba walizikariri bila kujua kwamba aliyeikuza sanaa hiyo ni mtoto wa mwaka wa njaa kutoka Ihumwa.

Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa wamefika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na Buigiri ikawa mojawapo ya vituo vyao. Mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika chini ya Askofu George Chambers, na wahubiri wengi wakatoka Australia. Shule ya wasioona ya Buigiri, ambayo imelijulisha jina la mahali hapa kuliko kitu kingine chochote, ilianzishwa mwaka 1950. Kwa ngoma, misheni haikuwa rafiki. Ujimbi, jando na muheme viliwekwa kapu moja, na aliyebatizwa alitarajiwa kuviacha vyote pamoja. Badala yake ikaja kwaya.

Lakini kalenda ya kanisa ilikuwa na tatizo. Krismasi huangukia wakati wa kupanda, na Pasaka huangukia miezi ambayo kihenge kimebaki sakafu. Sikukuu mbili kubwa, na zote mbili mwenye nyumba hana cha kumpa mgeni! Waanglikana walikuwa na ibada ya mavuno katika mapokeo yao, na huku Ugogo ibada hiyo ilipata udongo wake: watu huja na debe, kuku, mbuzi, na wanaimba kwa shibe. Polepole kwaya zenyewe zikaanza kuazima sauti za Kigogo, na baadaye marimba na zeze vikaingia kwa mlango uleule viliofukuziwa.

Uhuru ulileta mwenye kalenda mwingine. Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais, Desemba 1962, alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na ngoma iliyodharauliwa ikaitwa kifuani mwa nchi. Muheme ikatoka unyagoni ikaenda kiwanja cha ndege kupokea wageni. Kedmon Mapana, mtafiti wa muziki aliyezaliwa Nzali, kijiji cha hapahapa Chamwino, ameandika juu ya mabadiliko hayo: ngoma iliyokuwa na siku yake ikawa ngoma ya kuagizwa. Ukitazama tarehe za serikali utaona bahati ilivyogawanywa. Saba Saba, siku ya kuzaliwa TANU, na Nane Nane ya wakulima ziliangukia mavuno, zikachangamka bila kusukumwa. Tarehe 5 Februari, siku ya kuzaliwa CCM, iliwakuta wapiga muheme na jembe begani.

Chamwino yenyewe ilipata heshima ya pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Dodoma, Mwalimu alikuja kufanya kazi na wanakijiji wa hapa, kufyatua matofali kukiwemo. Mwaka 1973 ukaamuliwa uhamisho wa makao makuu. Kabla ya hapo Mwalimu alikuwa ameshamchukua mtu kutoka Ugogo: Hukwe Zawose, mchunga ng'ombe kutoka Doyoma, mwenye sauti iliyoruka kutoka kifuani hadi puani na kurudi kabla hujaelewa imepita wapi. Alipelekwa Dar es Salaam, kisha akatulia Bagamoyo, penye Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981. Santuri ya Tanzania Yetu ilitoka mwaka 1985, Chibite mwaka 1996, na alipofariki Desemba 2003 alikuwa amepiga marimba yake kubwa katika kumbi ambazo wakulima wa Doyoma hawangezijua hata kwa jina. Sina hakika kama tulifaidi kwa kiasi kilekile. Mwanamuziki mkubwa wa Ugogo aliishi pwani, na kijana wa Buigiri aliyetaka kumsikia alihitaji redio.

Pengo hilo ndilo lililozibwa kuanzia mwaka 2009, Tamasha la Muziki wa Cigogo lilipoanza Chamwino chini ya kituo cha sanaa ambacho Mapana, baadaye Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), ndiye mwanzilishi wake. Vikundi vinatoka vijijini: msunyunho, nindo, muheme, wazee na wajukuu kwenye kiwanja kimoja. Waandaaji wangeweza kuchagua tarehe yoyote inayowafaa wafadhili. Walichagua Julai.

Siku hizi Ikulu mpya ya Chamwino, iliyofunguliwa Mei 2023, iko jirani, na Jiji la Dodoma lilihesabiwa watu 765,179 katika sensa ya 2022, wengi wao wakila mshahara na si mtama. Kwao Julai ni mwezi kama mingine, na baa hupiga muziki mwaka mzima. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa albamu yao Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Katika familia hiyo wanawake walikaa nyuma kwa miaka mingi wakiitikia na kucheza, wanaume wakishika ala. Sasa wao ndio walio mbele. Magazeti ya Ulaya yaliliona hilo kama mapinduzi, na kwa zeze na marimba ni kweli. Wapiga muheme wa Chamwino wangeshangaa kidogo, maana wao ngoma hawakuwahi kumwomba mwanaume.