Kitabu Ruhusa, Disketi Marufuku: Udhibiti wa Programu za Usimbaji Fiche Nchini Marekani, 1991–2000

Utangulizi

Usimbaji fiche ni ufundi wa kugeuza ujumbe ulio wazi uwe maandishi yasiyosomeka ila kwa mwenye ufunguo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ufundi huo ulihusishwa na majeshi na balozi. Ndiyo maana kanuni za Marekani ziliuweka katika orodha ya zana za vita: aliyetaka kupeleka programu ya aina hiyo nje ya nchi alihitaji leseni ya Wizara ya Mambo ya Nje, sawa na msafirishaji wa silaha. Makala haya yanafuatilia jinsi udhibiti huo ulivyolegea kati ya 1991 na 2000. Hoja kuu ni kwamba ulikwama kwanza katika swali la lugha, yaani iwapo msimbo wa programu ni chombo au ni maandishi, na kwamba walioumizwa zaidi na mkwamo huo ni watumiaji waliokuwa nje ya nchi iliyotunga kanuni.

Kitabu na disketi

Mwaka 1991 Philip Zimmermann alitoa bure programu ya PGP, nayo ikaenea upesi nje ya Marekani. Uchunguzi wa jinai dhidi yake ulianza 1993, ukafungwa Januari 1996 bila mashtaka. Uchunguzi ukiwa bado unaendelea, mwaka 1995, MIT Press ilichapisha msimbo chanzo wa PGP katika umbo la kitabu, kwa kuwa vitabu havikuhitaji leseni. Mwaka 1997 msimbo wa toleo la 5.0, uliojaza kurasa zaidi ya 6,000, ulifika Ulaya kihalali ukiwa umechapwa. Huko watu waliojitolea waliuskani ukurasa kwa ukurasa, wakaurudisha kuwa programu.

Utata huo ulidhihirika zaidi mwaka 1994, Philip Karn alipoiomba Wizara iamue hadhi ya kitabu cha Bruce Schneier, *Applied Cryptography*. Alijibiwa kuwa kitabu hakidhibitiwi. Alipouliza kuhusu disketi yenye msimbo uleule uliochapwa kitabuni, alijibiwa kuwa hiyo ni zana ya vita. Mwishoni mwa 1996 udhibiti wa programu za kiraia ulihamishiwa Wizara ya Biashara, lakini tofauti kati ya karatasi na disketi ilibaki.

Mahakama nazo hazikuwa na kauli moja. Karn alishindwa katika mahakama ya wilaya mwaka 1996. Mwaka huohuo, katika kesi iliyofunguliwa na Daniel Bernstein, Jaji Marilyn Hall Patel aliamua kwamba msimbo chanzo ni usemi unaolindwa na Katiba, kwani hakuona tofauti ya msingi kati ya lugha ya kompyuta na Kijerumani au Kifaransa. Mahakama ya rufaa iliafiki mwaka 1999, ingawa uamuzi wake uliondolewa ili shauri lisikilizwe upya. Aprili 2000, katika kesi ya Junger, mahakama nyingine ya rufaa ilikubali kuwa msimbo chanzo unastahili ulinzi huo.

Ufunguo mfupi

Kwa upande wa biashara, kampuni ziliruhusiwa kuuza nje kwa sharti la kufupisha ufunguo. Kivinjari cha Netscape kilikuwa na ufunguo wa biti 128 kwa soko la ndani na biti 40 kwa toleo la kimataifa. Kila biti moja inayopunguzwa huondoa nusu ya funguo ambazo mdukuzi angelazimika kuzijaribu. Agosti 1995 mtafiti Mfaransa, Damien Doligez, aliuvunja ufunguo wa biti 40 kwa siku 8.

Wakati huohuo usimbaji imara ulikuwa ukitengenezwa kwingineko. Mbinu ya IDEA, iliyotumiwa na PGP, ilibuniwa Uswisi. SSLeay, chimbuko la OpenSSL, iliandikwa Australia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington wa mwaka 1999 ulihesabu bidhaa 805 za usimbaji fiche kutoka nchi 35 nje ya Marekani. Leseni zilikuwa zikizuia kitu ambacho tayari kilipatikana duniani. Januari 2000 kanuni zililegezwa kwa kiasi kikubwa.

Hata hivyo, madhara hayakuisha. Mwaka 2015 udhaifu ulioitwa FREAK ulionyesha kuwa seva nyingi bado zilikubali funguo dhaifu za biti 512, masalia ya kanuni zilizokwisha kuachwa. Safari hii hata watumiaji wa Marekani walikuwa hatarini.

Hitimisho

Mtumiaji wa Nairobi au Dar es Salaam aliyetumia toleo la kimataifa katika miaka hiyo alipewa kufuli dhaifu kwa uamuzi ambao nchi yake haikushirikishwa kuutoa. Kwa watunga sera wa ukanda huu, historia hii inadai mambo mawili. Kwanza, kabla ya kudhibiti teknolojia, sheria ifafanue kwa Kiswahili sanifu kinachodhibitiwa: maandishi, chombo, au matumizi. Pili, kila pendekezo la kudhoofisha usimbaji fiche lipimwe kwa kuuliza udhaifu huo utabaki katika mifumo kwa muda gani baada ya sheria yenyewe kufutwa.