Chuo cha Jeanes, Kabete, na Desturi ya Kurudi Kutazama



Ripoti ya mwaka huhesabu yaliyotendeka. Naomba ruhusa kuongeza habari ya kale ya majirani zetu wa Kabete, maana yatuhusu.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ambayo Dr. James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mjumbe wake, ilizunguka Afrika ya Mashariki kuchungua elimu. Mwaka 1925 Chuo cha Jeanes kikafunguliwa Kabete, magharibi ya Nairobi, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall. Jina la chuo latokana na Bibi Anna Jeanes wa Philadelphia, ambaye mwaka 1907 alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za watu weusi kusini mwa Marekani. Mwalimu wa kwanza wa kazi hiyo, Virginia Randolph, mwenyewe mtu mweusi, alianza mwaka 1908 kuzungukia shule za wilaya ya Henrico, Virginia.

Mpango wa Kabete ulifuata mfano huo. Walimu waliokwisha zoea kazi walikuja pamoja na wake zao na watoto, wakakaa katika nyumba ndogo chuoni. Mume alijifunza namna ya kusaidia shule za vijijini. Mke alijifunza malezi na afya ya nyumba. Kisha walirudi makwao, na mwalimu akazungukia shule moja baada ya nyingine. Mkaguzi huja mara moja, akaandika makosa, akaenda zake. Kazi ya mwalimu wa Jeanes ilikuwa kuonyesha kwa mikono yake, na kurudi kutazama.

Walakini historia ya haki haifichi upande wa pili. Wazazi wengi waliona kuwa elimu ya jembe na usafi ilikusudiwa kumweka Mwafrika chini, nao walitaka elimu ya vitabu. Mwaka 1926 Alliance High School ilifunguliwa Kikuyu, si mbali na Kabete. Na tangu mwaka 1929 Wakikuyu wengi walianza kujijengea shule zao za kujitegemea. Basi fundisho ni mawili: matengenezo yasiyorudiwa hufa, na matengenezo yaliyopangwa bila kuwauliza wenyewe hayapendwi.

Chuo chenyewe hakikubaki kama kilivyoanza. Baada ya vita vya 1939-1945 kilifundisha watumishi wa maendeleo ya jamii. Mwaka 1961 kikawa Kenya Institute of Administration, na sheria ya mwaka 2012 ikaleta Kenya School of Government mahali pale pale. Kila zama iliulizwa upya kazi gani yahitajiwa.

Sasa twende kwetu. Katika kitabu chetu cha kumbukumbu, azimio lile lile juu ya orodha za matawi limeandikwa mwaka hata mwaka. Mimi karani nimelinakili kwa mwandiko mzuri, wala sikuuliza kama limetimizwa. Mjane wa mwenzetu mmoja alingoja msaada wa mazishi miezi mingi kwa sababu jina la marehemu halikuwamo katika orodha. Aibu hiyo ni yangu pia.

Kwa hiyo naleta mbele yenu maombi manne. Wanachama wawili wazungukie kila tawi kila miezi mitatu. Wakifika, waulize kwanza ni nini kinachowazuia wenzetu, kabla ya kutaja kosa. Kila mkutano uanze kwa kusoma yaliyoahidiwa katika mkutano uliotangulia, na aliyeahidi ajibu. Tena kazi hiyo ipokezanwe, isije ikafa pamoja na mtu mmoja.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu twaujua. Tuuzibe, kisha turudi kuutazama.

Mtumishi wenu mtiifu,
Karani wa Chama