Tarihi ya Faharasa ya Majina katika Programu, na Masahihisho Yake

Wenye kutunga kamusi wanajua ya kuwa faharasa mbovu yaweza kudhuru kuliko kukosa faharasa kabisa. Asiye na faharasa hupekua kitabu ukurasa kwa ukurasa. Bali aliye nayo, asipoliona neno pale alipolitazamia, huamini kuwa halimo, akakifunga kitabu. Jambo hili limewapata vilevile watunzi wa programu za kompyuta, na tarihi ya ctags, chombo kinachowaorodheshea majina, yafaa izingatiwe na wanafunzi wa lugha.

Chombo hicho kilitungwa na Ken Arnold katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikatokea mwaka 1979 katika mkusanyo wa Unix ulioitwa 3BSD. Kazi yake ni kusoma faili za programu na kuandika orodha: kwanza jina, kisha faili ambamo jina limefasiliwa, na mwisho maneno ya mstari wenyewe. Maneno yalichaguliwa badala ya nambari ya mstari kwa kuwa nambari hubadilika kila mistari iongezwapo juu yake.

Lakini chombo kilisoma bila kuelewa. Kilitambua jina kwa sura ya mstari tu, kama mgeni atambuavyo kitenzi kwa kiambishi chake. Maelezo yake ya awali yalikiri kwamba Pascal na FORTRAN zilisomwa kwa njia sahili mno, na kwamba taratibu mbili za Pascal zenye jina moja katika sehemu mbalimbali zilikitatiza.

Kuanzia mwaka 1996 Darren Hiebert alitunga Exuberant Ctags. Ugumu mmoja aliokabili ni kwamba lugha ya C ina amri za kuchagua sehemu zitakazosomwa na zitakazoachwa. Hivyo mabano yaweza kufunguliwa mara mbili na kufungwa mara moja. Mashine ikiyahesabu yote hupotea, na majina yanayofuata hupotea nayo. Dawa ilikuwa kufuata tawi la kwanza tu. Na hesabu isipotimia mwishoni mwa faili, kuanza upya kwa kutegemea bano la kufungia lililo mwanzoni mwa mstari.

Ugumu mwingine ni wa alfabeti. Kihariri kama Vim hutafuta kwa kuigawa orodha nusu kwa nusu, na njia hiyo hufaa tu ikiwa mpangaji na mtafutaji wamefuata utaratibu mmoja. Kwa hesabu ya mashine herufi kubwa zote hutangulia ndogo. Katika kamusi huchanganywa. Basi orodha yaweza kuwa na kila jina, na jina lisionekane. Kwa hiyo ctags huiamuru programu ya kupanga ifuate hesabu ya mashine peke yake.

Toleo la 5.8 la mwaka 2009 likawa la mwisho la Exuberant Ctags. Mwaka 2014 ikadhihirika kwamba faili la JavaScript lililotungwa kwa hila lingeweza kukizungusha chombo bila kikomo, hata kikaijaza diski. Kazi ikaendelezwa na Masatake Yamato na wenzake kwa jina la Universal Ctags. Hao waliweka desturi njema: kasoro inaposahihishwa, huhifadhiwa faili dogo la mfano pamoja na orodha inayotazamiwa, na kila badiliko jipya hupimwa kwa mifano hiyo, ili kosa la zamani lisirudi kwa siri.

Desturi hiyo yatufaa nasi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na kamusi ya namna hiyo hurithiwa na wahariri wengi. Mhariri asahihishaye kidahizo bila kuhifadhi sentensi iliyofichua kosa humwachia mrithi wake jawabu pasipo swali. Na mrithi huyo, kwa nia njema kabisa, aweza kulirudisha kosa lile lile.