Upara kwa wanaume

Upara ni hali ya kichwa kukosa nywele, sehemu yake au chote. Kwa wanaume wengi huanza kwenye panja na utosini, kisha husonga taratibu kwa miaka mingi hadi zinabaki nywele za pembeni na kisogoni tu. Upara wa namna hii si ugonjwa wala hauambukizi. Lakini nywele kunyonyoka kunaweza pia kuwa dalili ya ugonjwa unaotibika, na kuchelewa kutibiwa huweza kuharibu mizizi kabisa.

Ukuaji wa nywele

Kichwa cha mtu mzima kina nywele 100,000 hivi. Kila unywele hukua kwa miaka 2 hadi 6, takriban sentimita 1 kwa mwezi, kisha hupumzika na kudondoka ili mwingine uote. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida.

Sababu

Upara wa kurithi husababishwa na dihidrotestosteroni, homoni inayotokana na testosteroni. Kwa mwanamume aliyerithi hali hiyo, homoni husinyaza mizizi hadi nywele zinakuwa fupi na nyembamba. Mwaka 1942 Mmarekani James B. Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara. Usemi kwamba upara hurithiwa kwa mjomba una ukweli kiasi: jeni moja muhimu iko kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume huipata kwa mama, lakini jeni nyingine hutoka kwa wazazi wote wawili.

Sababu nyingine ni:

- Mapunye: fangasi wanaoshambulia hasa watoto na kuleta mabaka yenye magamba. Huenea pia kwa kuchangia mashine za kunyolea na vitana.
- Upara wa mabaka: kinga ya mwili hushambulia mizizi ya nywele. Mara nyingi nywele huota tena.
- Vipele vya kisogoni: huwapata hasa wanaume wenye nywele za kipilipili wanaonyoa hadi kwenye ngozi. Huweza kuacha makovu yasiyoota nywele.
- Kaswende, maradhi ya tezi ya shingo, utapiamlo na dawa za saratani.

Imani potofu

Kuvaa kofia au kunyoa kwa wembe hakuleti upara. Upara si alama ya utajiri wala ya nguvu za kiume. Imani za namna hiyo zimewahi kuua: mwezi Juni 2017 polisi wa Msumbiji walitangaza kwamba wanaume wenye upara wameuawa wilayani Milange, na kwamba wauaji walichochewa na imani kuwa kichwa cha aina hiyo kina dhahabu.

Matibabu

Minoksidili ni dawa ya kupaka iliyotokana na dawa ya shinikizo la damu. Marekani iliiruhusu kwa upara mwaka 1988. Matokeo huonekana baada ya miezi kadhaa, na mtumiaji akiacha, nywele hudondoka tena. Finasteridi, kidonge cha miligramu 1 kilichoruhusiwa huko mwaka 1997, hupunguza homoni husika. Huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na mjamzito hapaswi kushika vidonge vilivyovunjika. Upandikizaji huhamisha nywele za kisogoni kwenda mbele. Mwenye ngozi inayoota makovu makubwa amweleze daktari kwanza. Tiba hizi hufaa zaidi zikianza mapema, wala hazirudishi nywele zote.

Mapunye huhitaji vidonge, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa, kwa sababu dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi.

Karatu na Ngorongoro

Kwa Wamasai wa Ngorongoro kichwa kilichonyolewa hakina aibu. Morani hufuga nywele ndefu zenye rangi ya udongo mwekundu, kisha hunyolewa na mama zao katika sherehe ya eunoto wanapomaliza umorani.

Mwenye upara hukosa kivuli cha nywele, hivyo kofia humkinga na jua kali la Karatu na baridi ya ukingo wa kreta. Mwenye mabaka, usaha, maumivu au nywele zinazodondoka ghafla aende hospitali kabla ya kununua mafuta ya mtaani. Tatizo likiwa gumu, anaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya KCMC mjini Moshi, penye kituo cha kufundishia wataalamu wa magonjwa ya ngozi.